Kadi ya Herufi T

Kazi yangu ni herufi T.
Nimo humo mwaka wa sita, ghorofa ya tatu, dirisha la uani,
kati ya madroo mia nne yanayonuka gundi na chai ya zamani.
Mume wangu aliniacha nikiwa bado kwenye S.
S ni ndefu mno kwa Kirusi. Simlaumu.

Kadi yenyewe ni hii, wino wa zambarau:
*Tishma*, nomino.
Kimya kinachobaki nyumbani mgeni akishaondoka.
Kijiji cha Kolzogora, mto Mezen, Julai 1968.
Msemaji: Yevlampia Shubina, miaka sabini na mmoja, hajui kusoma.
Aliyeandika: L. Z.

Kadi moja tu. Shahidi mmoja.
Na kanuni ya kamusi yetu haina huruma:
neno la shahidi mmoja litafutiwe wa pili,
la sivyo lifutwe.

L. Z. ni Lidia Zosimovna. Ananikabili kila siku,
birika katikati yetu.
Alikuwa na miaka kumi na tisa, na viatu vya kuazima,
siku alipolisikia; tasnifu yake imesimama juu yake
kama nyumba juu ya nguzo moja.
"Nenda," aliniambia, bila kuinua macho.

Treni siku mbili. Lori. Boti ya posta.
Mbu waliniamkia kwa jina.

Anfisa, binti wa Yevlampia, alicheka hadi akashika meza.
"Mama alikuwa anashona, mwanangu!
Uzi midomoni, sindano mkononi.
Alisema *tishina*. Kimya, basi,
neno la kila mtu, hata redioni limo.
Bana uzi kwa midomo, useme n. Jaribu."

Nikang'oa uzi wa kifungo cha koti langu,
nikaubana, nikasema.
*Tishma*, ikatoka.
Nikajaribu tena, polepole, kama mwanafunzi:
*tishma*.

Nikachukua penseli: *Kosa la sikio. Lifutwe.*
Ncha ikakatika kwenye nukta.
Nikaomba kisu, nikachonga, nikaweka nukta.

Asubuhi, kitukuu, Savvaty, wa miaka tisa,
alinibebea begi hadi kizingitini, akasita.
"Shangazi, kaa kidogo. Ukienda, tishma itaingia."

Umelitoa wapi neno hilo?

Akanitazama kama anayeulizwa maji ameyatoa wapi.
"Kwani mjini hamlisemi?"

Na Anfisa, mikono ndani ya unga:
"Yule msichana wa zambarau alitusomea kabla hajaondoka,
vilevile alivyoandika, kwa fahari.
Tulicheka majira yote ya baridi.
Kila jirani akiaga: haya, tishma hiyo!
Wasemavyo mzaha mzaha hutunga usaha,
wetu ukatunga neno.
Siku moja hakuna aliyecheka tena. Mama alikuwa amekufa,
wageni wa mazishi wameondoka,
tukaangaliana, tukalisema,
na hapakuwa na jingine la kulisema."

Hata ng'ambo ya mto wanalo, aliniambia.
Kule wanadhani ni la kale.

Niandike nini, basi?
Shahidi wa pili yupo, wa tatu yupo, kijiji kizima,
na wote wamefundishwa na kosa.
Kanuni haikuwaza hilo. Aliyeitunga
hakuwahi, nadhani, kuacha nyumba ya mtu asubuhi.

Nilimwekea Lidia Zosimovna kadi zote mbili,
ya kufuta na ya kubakiza.
Alizisoma mara moja, kisha mara moja tena.
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la skafu
muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.
"Hii ya pili," akasema, "hujaitia tarehe."

Saa kumi na moja akavaa koti.
Akashuka ngazi moja moja, ghorofa tatu,
nikamsikiliza hadi mlango wa chini ulipogonga.

Nikatia tarehe. Mahali. Msemaji na umri wake.
Ikabaki nafasi ya mfano wa matumizi.
Nikashika kalamu.
Birika lilikuwa limeshaacha kuchemka.